Namna ya kufuatilia utumishi wa vita wa meli ya kufagia mabomu ya baharini: mfano wa HMS Cromer na HMS Cromarty

Meli ya kufagia mabomu ni manowari ndogo ambayo kazi yake humalizika kabla kazi ya wengine haijaanza. Manowari kubwa zenye mizinga mizito zimeandikiwa vitabu vizima, na anayetaka kujua zilikuwa wapi siku fulani hupata jibu kwa muda mfupi. Mfagiaji aliyezitangulia zote, mwenye mabaharia wapatao sitini na mzinga mmoja mdogo, mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja tu, na pengine hatajwi kabisa. Hata hivyo habari zake zinaweza kukusanywa zikatosha kabisa, mradi mtafutaji akubali jambo moja tangu mwanzo: hazipatikani kwa kufuata jina la meli peke yake. Hupatikana kwa kufuata flotila (kundi la meli zinazofanya kazi pamoja) iliyokuwamo, njia ya bahari iliyofagiliwa, na vyombo vilivyopita salama katika njia hiyo.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kufanya hivyo kwa meli za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mfano wake mkuu ni HMS Cromer na HMS Cromarty za Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Nimezichagua kwa sababu zilifanya kazi kubwa katika bahari yetu hii ya Hindi, kaskazini ya Madagascar, mwezi Mei 1942, na kwa sababu vita vya kisiwa kile viliwahusu watu wetu: Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa King's African Rifles, ilipigana huko miezi michache baadaye. Walikuwapo wazee waliovuka bahari ile wakarudi salama, na njia waliyovukia ilikuwa na walioisafisha.

Ielewe kazi kabla ya kufungua nyaraka

Asiyejua jinsi bomu la baharini linavyofanya kazi atasoma ukurasa mzima wa kumbukumbu za mfagiaji bila kuona kitu. Kwa hiyo anza hapa.

Bomu la kawaida la miaka ile lilikuwa tufe la chuma lenye baruti na pembe za kugusia, lililozuiwa chini ya maji kwa kebo iliyofungwa kwenye uzito uliokaa sakafuni mwa bahari kama nanga. Halikuonekana juu. Liliwekwa kwa kina ambacho fuko la meli, yaani sehemu yake iliyozama majini, lingelifikia, na meli ikiligusa, pembe huvunjika na bomu hulipuka. Ili kuliondoa, mfagiaji aliteremsha kutoka tezini waya mrefu wenye makali, ambao ncha yake ya mbali ilishikiliwa na boya kubwa la chuma lenye umbo la samaki. Chini ya boya hilo palikuwa na chombo cha mabapa kilichosukumwa na maji na kuuvuta waya kwenda kando ya meli, na karibu na tezi palikuwa na chombo kingine kilichoukandamiza waya ubaki kwenye kina kilichotakiwa. Waya ulipopita ulizikuta kebo za mabomu na kuzikata, bomu likaibuka juu, na mabaharia wakalipiga kwa bunduki mpaka lizame au lilipuke. Mtambo huu uliitwa Oropesa, kwa jina la meli ya uvuvi iliyotumiwa kuujaribu baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Hapa kuna jambo la kulitia maanani sana. Waya hukata kando na nyuma ya meli, wala hausafishi maji yaliyo mbele ya omo. Ndiyo maana wafagiaji walisafiri kwa mshazari, kila mmoja akienda ndani ya maji yaliyokwisha kusafishwa na waya wa aliyemtangulia, na wa kwanza ndiye pekee aliyepita katika maji yasiyofagiliwa. Nyuma yao zilifuata meli za kutia maboya yenye bendera, ili mpaka wa njia safi uonekane. Ukikuta katika nyaraka kwamba meli yako ilikuwa ya kwanza katika mpangilio siku fulani, umepata habari nzito, hata kama aliyeiandika hakuongeza neno. Ukikuta kwamba waya ulikatika, ukavutwa ndani na kuteremshwa mwingine, basi jua kwamba mabaharia walikuwa juu ya sitaha ya tezi, miongoni mwa waya zilizokazwa, ndani ya eneo la mabomu, kwa muda wote huo.

Yapo pia mabomu yasiyokuwa na kebo. Usiku wa tarehe 22 Novemba 1939 ndege ya Ujerumani iliangusha mabomu kwa miavuli karibu na Shoeburyness, kwenye mlango wa mto Thames, na kesho yake Luteni Kamanda John Ouvry aliligusa mojawapo lililobaki kwenye matope wakati wa maji kupwa, akalifungua kipande kwa kipande. Ikathibitika kwamba lilikuwa bomu la sumaku: lilikaa sakafuni na kulipuka lilipohisi chuma cha meli kikipita juu yake. Waya wenye makali haukuwa na la kufanya kwa bomu kama hilo. Dawa yake ilikuwa meli mbili kwenda sambamba, kila moja ikivuta kebo ndefu za umeme zinazoelea, na kupitisha mkondo mkali wa umeme kwa vipindi ili bomu lilipuke mbali nyuma yao. Yakafuata mabomu yaliyosikiliza sauti ya pangaboi, na mwaka 1944 mabomu yaliyohisi badiliko la shinikizo la maji chini ya meli, ambayo yaliwasumbua wafagiaji kuliko yote.

Kwa mtafutaji, tofauti hii ina faida ya moja kwa moja. Kazi ya mabomu ya sumaku ilifanywa na meli mbili mbili, kwa hiyo aliyekosa nyaraka za meli yake na atafute za mwenzake.

Hakikisha ni meli ipi hasa

Majina ya manowari hurithiwa. HMS Cromer ya vita ni ya daraja la Bangor, iliyojengwa na kampuni ya Lobnitz huko Renfrew, Uskoti, ikashushwa majini mwaka 1940 ikiwa na namba ya ubavuni J128. Miaka hamsini baadaye Uingereza ikaunda HMS Cromer nyingine, nayo ikiwa ya kazi ya mabomu, yenye namba M103. Anayetafuta kwa jina tu kwenye mtandao atachanganyiwa picha na habari za meli hizi mbili. HMS Cromarty nayo, yenye namba J09, ilijengwa Blyth na kushushwa majini mwaka 1941.

Kwa hiyo andika kwanza vitu vinne kwenye karatasi yako: jina, namba ya ubavuni, daraja la meli, na mwaka ilipoanza kazi. Namba ya ubavuni ndiyo muhimu zaidi unapokuwa na picha ya familia ambayo nyuma yake hapakuandikwa kitu, kwa sababu herufi na tarakimu husomeka ubavuni hata pale ambapo jina halionekani. Katika jeshi la Uingereza herufi J ilitumika kwa meli zilizoundwa makusudi kwa kufagia, na herufi T ilionekana kwenye meli za mfano wa uvuvi zilizoundwa kwa kazi ya vita. Daraja nalo linakupa umbo: meli za Bangor zilikuwa na urefu wa karibu mita 54 na uzito wa tani zisizofika 700, fupi na pana, zisizotulia hata kidogo bahari inapochafuka.

Ifuate flotila

Wafagiaji walipangwa katika flotila zenye namba, na amri zilitolewa kwa flotila. Wakati wa Madagascar, Cromer na Cromarty zilikuwa katika Flotila ya 14 pamoja na HMS Poole na HMS Romney. Ukiyajua majina haya matatu mengine, uwezekano wako wa kupata habari unaongezeka mara nne, maana ripoti ya mkuu wa flotila huweza kuandikwa chini ya meli yoyote kati yao, na baharia wa Romney aliyeandika kumbukumbu zake aliona yale yale aliyoyaona baharia wa Cromer.

Flotila zilibadilishwa kila mara. Meli ilihamishwa, ikatengenezwa bandarini kwa wiki kadhaa, ikarudi na kukuta wenzake wamekwenda. Andika daima flotila pamoja na tarehe, wala usichukue namba ya flotila ya mwaka 1942 ukaipeleka mwaka 1944 bila ushahidi.

Njia ya haraka ya kujua meli ilikuwa wapi ni orodha za siri zilizochapishwa na makao makuu ya jeshi la majini kila baada ya siku chache, zikionyesha kila manowari, kituo chake na hali yake: iko safarini, iko tayari, au iko kwenye matengenezo. Orodha za manowari zenyewe zimo katika fungu ADM 187 (herufi ADM ni za nyaraka za makao makuu hayo) la Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyopo Kew, London, na za vyombo vidogo vya vita vilivyokuwa katika maji ya Uingereza zimo katika ADM 208. Anza na orodha hizi, uchukue tarehe moja kwa kila mwezi, na utakuwa na mifupa ya historia ya meli yako kabla hujasoma ripoti hata moja.

Nyaraka zipi, na kwa mpangilio gani

Kila mtu hufikiria kwanza daftari la safari la meli, ambalo liko katika ADM 53. Usiweke tumaini lako lote hapo. Madaftari ya manowari kubwa ya miaka ya vita yamehifadhiwa vizuri, lakini mengi ya vyombo vidogo, wafagiaji wakiwamo, hayakuhifadhiwa. Ukilipata la meli yako, ni bahati njema. Ukilikosa, habari haijaisha.

Fungu lenye utajiri ni ADM 199, ambamo zimo ripoti za operesheni, misafara na mapigano ya vita hivyo. Humo hutafuti jina la meli. Unatafuta jina la operesheni, la msafara au la mahali, kisha unasoma mpaka umkute mfagiaji wako katika aya ya pili au katika kiambatisho cha mwisho chenye orodha ya vyombo. Kwa Madagascar, operesheni ya Mei 1942 iliitwa Ironclad. Tarehe mbili za kuzikumbuka zaidi ni za misafara yake iliyoondoka Durban, wa polepole tarehe 25 Aprili na wa kasi tarehe 28 Aprili 1942. Baada ya hapo angalia ADM 234, zenye masimulizi rasmi ya mapigano yaliyoandikwa kwa ajili ya maafisa, na ADM 267, zenye ripoti za madhara yaliyozipata manowari; hizi za mwisho ni muhimu kama meli yako iligonga bomu, kwa sababu wahandisi waliandika bomu lililipuka chini ya sehemu gani na maji yaliingia wapi.

Katalogi ya hifadhi hiyo iko wazi kwenye intaneti na kutafuta ni bure, hata kama nyaraka nyingi zenyewe hazijapigwa picha. Aliyeko Dar es Salaam au Mombasa anaweza kutayarisha orodha ya majalada anayoyataka, kisha akaagiza nakala kwa malipo au kumwomba ndugu aliyeko Uingereza akaifanye kazi hiyo kwa siku moja.

Kuna chanzo kingine kisicholipiwa ambacho watu hukisahau, nacho ni gazeti la serikali la Uingereza, London Gazette. Baada ya vita lilichapisha ripoti za makamanda, ikiwamo ripoti ya Amiri Syfret, aliyeongoza Ironclad, juu ya kutekwa kwa bandari ya Diego Suarez huko Madagascar, iliyotoka mwaka 1948. Isome yote. Ripoti kama hii huandikwa na mtu aliyekuwa kwenye manowari kubwa na mawazo yake yalikuwa juu ya jeshi zima, lakini ndiyo inayokupa saa, nafasi na mpangilio wa vyombo, na bila hivyo huwezi kujua mfagiaji wako alikuwa mbele ya nani.

Tovuti za wapenzi wa historia ya bahari, kama naval-history.net na uboat.net, zinafaa sana kwa kuanzia, hasa kwa majina ya makamanda na tarehe za kuzama. Zitumie kama dira, kisha uhakikishe kila tarehe kwa waraka.

Usome usiku mmoja kwa karibu

Baada ya kuweka mifupa, chagua tukio moja ulichambue hadi mwisho. Tuchukue usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 1942.

Bandari ya Diego Suarez ni ghuba kubwa iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya Madagascar, na mlango wake unaelekea mashariki. Mlango huo ni mwembamba na ulilindwa kwa mizinga ya serikali ya Ufaransa ya Vichy, iliyoshirikiana na Ujerumani. Waingereza waliogopa kwamba Japani ingeitaka bandari hiyo, na wakaamua kuiendea kwa mlango wa nyuma. Upande wa magharibi, ng'ambo ya kipande chembamba cha nchi kavu, kuna Ghuba ya Courrier na Ghuba ya Ambararata. Kuziendea ghuba hizo ni kupita kati ya miamba, visiwa vidogo na mafungu, katika njia iliyopinda, na walinzi hawakutarajia kwamba meli kubwa zingethubutu kuipita usiku. Zaidi ya hayo, maji yalikuwa yametegwa mabomu.

Sasa itandaze ramani ya bahari mbele yako. Ramani za Kiingereza za wakati ule zilipima kina kwa pima, na mtu wa pwani hana haja ya kuelezwa hapo. Weka alama mahali penye mafungu, kisha fikiri: wafagiaji wanne na wenzao wanateremsha waya zinazotanda mamia ya mita nyuma yao, gizani, bila taa, katika njia isiyowapa nafasi ya kugeuka ovyo, na nyuma yao zinakuja meli zilizojaa maelfu ya askari. Mfagiaji akienda upesi mno, waya hupanda juu na kuliacha bomu chini yake. Akienda polepole mno, waya hulegea na kushuka, ukanasa kwenye mwamba. Manowari za kusindikiza zilikwisha tia maboya yenye taa kuonyesha njia. Wafagiaji wakaifuata, wakafagia, na mashua za kwanza zikafika ufukoni saa kumi na nusu alfajiri karibu bila upinzani.

Katika ripoti nyingi jambo hili linachukua mistari michache. Namna ya kulipima ni kuangalia kilichotokea pale ambapo bomu moja lilibaki. Siku hiyo hiyo HMS Auricula, meli ndogo ya kusindikiza iliyokuwa katika kikosi kile, iligonga bomu katika Ghuba ya Courrier, ikavunjika mgongo, na kesho yake ikazama walipokuwa wakijaribu kuivuta. Meli zenye askari hazikupotea hata moja kwa mabomu. Weka mambo haya mawili pamoja katika maandishi yako, na msomaji ataelewa mistari michache ile ilikuwa na uzito gani.

Auricula inafundisha pia namna ya kushughulikia tarehe zinazopingana. Orodha moja itasema ilipotea tarehe 5 Mei, nyingine tarehe 6. Zote mbili zina msingi: ya kwanza ni siku ya mlipuko, ya pili ni siku ya kuzama. Unapokuta tofauti ya siku moja usikimbilie kuhukumu kwamba mmoja amekosea. Uliza kwanza kila mmoja anahesabu tukio gani.

Saa, mahali na maji

Saa za kijeshi huandikwa kwa tarakimu nne na herufi moja nyuma yake. Herufi Z ni saa ya Greenwich, B ni saa mbili mbele yake, na C ni saa tatu mbele yake, ambayo ndiyo saa tunayoitumia leo Kenya, Tanzania na Uganda. Mwandishi wa Kiswahili ana hatari ya ziada: 0430C ni saa kumi na nusu alfajiri kwa hesabu yetu, na akiandika "saa nne na nusu" msomaji ataelewa wakati mwingine kabisa. Amua tangu ukurasa wa kwanza utatumia hesabu ipi, na uitumie hiyo hiyo mpaka mwisho.

Majina ya mahali yamebadilika. Diego Suarez sasa ni Antsiranana, Majunga ni Mahajanga, Tananarive ni Antananarivo. Katika kutafuta tumia jina la zamani. Katika kuandika weka yote mawili mara ya kwanza.

Maji kujaa na kupwa nayo yasisahauliwe. Bomu lenye kebo haliinuki na bamvua. Kina chake kutoka sakafuni ni kile kile, kwa hiyo maji yakijaa linabaki chini zaidi ya uso wa bahari, na chombo chenye fuko fupi kinaweza kupita juu yake bila kuligusa, lakini maji yakipwa chombo hicho hicho kitaliangukia. Ukiona flotila imesubiri saa kadhaa nje ya ghuba, angalia kwanza jedwali la maji la siku hiyo kabla ya kutafuta sababu nyingine.

Siku zisizo za kufagia

Si kila siku ya mfagiaji ilikuwa ya kufagia. Meli hizi zilisindikiza misafara, ziliokoa watu, zilibeba mizigo na barua, na zilipigana. Tarehe 20 Januari 1942 HMAS Deloraine ya Australia ilizamisha nyambizi ya Japani, I-124, karibu na Darwin. Tarehe 11 Novemba 1942 HMIS Bengal ya India, ikisindikiza meli ya mafuta ya Kiholanzi Ondina, ilikutana na meli mbili za Japani zenye mizinga mizito, na mmoja wa maadui hao, Hokoku Maru, akazama. Kwa hiyo unapoona miezi imepita bila neno la mabomu, tafuta katika majalada ya misafara.

Watu waliokuwamo

Majina ya maafisa yamo katika orodha za maafisa zilizochapishwa na jeshi la majini mara kwa mara. Mabaharia wa kawaida ni wagumu zaidi kuwapata, na mahali pa kwanza ni namba zao za utumishi. Herufi iliyo mwanzoni huonyesha makao: C ni Chatham, P ni Portsmouth, D ni Devonport, na LT ni Lowestoft, makao ya kikosi cha doria kilichotoa mabaharia wa meli za mfano wa uvuvi. Aliyekufa bila kaburi ameandikwa jina kwenye mnara wa makao yake, na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inaonyesha majina hayo bila malipo kwenye tovuti yake, pamoja na meli na tarehe. Tafuta kwa tarehe ya kuzama na jina la meli, utapata orodha. Isome kwa ukamilifu, jina kwa jina; ni mara chache utapata nafasi nyingine ya kuwajua mpishi, fundi wa mitambo na kijana wa ishara waliokuwa pamoja katika meli ya watu sitini.

Kama unamtafuta mtu wa Afrika Mashariki, kumbuka kwamba vilikuwapo vikosi vya majini vya kujitolea vya Kenya, Tanganyika na Zanzibar, na kwamba kuanzia mwaka 1942 Kilindini ilikuwa makao ya Kikosi cha Mashariki cha Uingereza baada ya mashambulizi ya Japani huko Ceylon. Barua za serikali za wakati ule ziulizie katika Hifadhi ya Nyaraka ya Kenya huko Nairobi na ile ya Zanzibar huko Kilimani. Kabla ya hayo, kaa na wazee wa familia. Waulize jina la chombo, rangi yake, bandari walizoingia, na aliyekuwa nahodha. Mzee akisema chombo kilivuta "waya" au "samaki wa chuma" nyuma yake, amekwambia kilikuwa cha kazi gani.

Mwisho wa meli

Tuzo ya kivita ya Diego Suarez 1942 iliandikwa kwa meli zote nne za flotila ile. Wakati mapatano ya kusimamisha vita Madagascar yalipofikiwa tarehe 6 Novemba 1942, majuma sita baada ya Brigedi ya Afrika Mashariki kuingia Antananarivo tarehe 23 Septemba, Cromer ilikuwa imekwisha kwenda Mediteranea. Tarehe 9 Novemba iligonga bomu karibu na Mersa Matruh, Misri, ikazama. Cromarty iliendelea kwa karibu mwaka mmoja zaidi, katika bahari ambayo wafagiaji waliifungua tena kwa misafara mwezi Mei 1943, na tarehe 23 Oktoba 1943 nayo ikazama kwa bomu katika Mlango-bahari wa Bonifacio, kati ya Corsica na Sardinia. Meli mbili zilizofagia Ghuba ya Courrier zilipotea kwa kazi ile ile. Unapoandika sehemu hii, tumia ripoti ya madhara, orodha ya waliokufa na ripoti ya flotila kwa pamoja, na uandike meli ilikuwa na nafasi gani katika mpangilio saa hiyo.

Kwa meli za Marekani kazi ni nyepesi kiasi, kwa sababu shajara zao za vita zimehifadhiwa na Hifadhi ya Taifa ya Marekani na nyingi zinasomeka mtandaoni; USS Osprey, iliyozama kwa bomu tarehe 5 Juni 1944 ikielekea Normandy siku moja kabla ya majeshi kushuka, inaweza kufuatiliwa kwa njia hiyo. Za Australia ziko kwenye Kumbukumbu ya Vita ya Australia huko Canberra, katika ripoti za mwezi kwa mwezi.

Kwa meli zilizobaki salama usisimame mwaka 1945. Mabomu yalibaki baharini, na kufagia kuliendelea kwa miaka; Uingereza ilitoa hata kipande maalumu cha nishani kwa waliofagia kati ya 1945 na 1951. Nyingine ziliuzwa, nyingine zikabadilisha bendera, na hapa ndipo watafutaji wengi hupoteza njia. HMS Rosalind, T135, ya mfano wa uvuvi, ilishushwa majini mwaka 1941, na baada ya vita ililetwa Mombasa kuwa meli ya mafunzo ya kikosi cha majini cha Afrika Mashariki, ambacho baadaye kiliitwa Jeshi la Kifalme la Wanamaji la Afrika Mashariki na kuvunjwa mwaka 1962. Jeshi hilo hilo lilipokea pia HMS Bassingham, mfagiaji wa baada ya vita, mwaka 1958, ikaitwa Mvita. Nyaraka za meli kama hizi za kabla ya makabidhiano zimo katika mafungu ya ADM, na za baada yake zitafute katika majalada ya Wizara ya Makoloni, hasa CO 968 yanayohusu ulinzi, pamoja na hifadhi za Nairobi na Zanzibar. Tayarisha karatasi mbili, moja kwa kila jina au kila bendera, na uziunganishe kwa tarehe ya makabidhiano.